Mvumo wa Gurudumu la Kushoto

Adu,
10 Machi 1986

Mjomba Dzombo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la zahanati. Wagonjwa wa leo wamekwisha, na karatasi hii nimeichana katika daftari la kliniki, kwa hiyo usiijali mistari yake. Huku sote tu wazima. Mama, dada yako, goti limempa nafuu tangu nimkataze kubeba maji, ingawa nikigeuka tu namkuta na ndoo. Karisa, kaka yangu, bado yuko Jilore na mahindi yake. Mwaka huu ameongeza ekari mbili na siku hizi anazungumza kama mtu mwenye mashamba. Mvua haijafika lakini watu wamekwisha kusafisha makonde. Mapenzi naye anakuamkia. Alikuja jana baada ya ibada akaniambia, "Ukimwandikia baba, mwambie mwanawe anamwamkia." Nami nimekwambia.

Sasa lililonikalisha hapa. Ile Datsun pikapu aliyotuachia marehemu baba ina ugonjwa. Unajua tangu afariki ni mimi ninayeiendesha, na unajua inavyotumika: Adu hakuna gari jingine linalokubali kutoka saa yoyote kumpeleka mgonjwa Malindi. Mwezi uliopita ilianza kuvuma mbele, upande wa kushoto. Nilidhani ni tairi. Nikabadilisha tairi, mvumo ukabaki palepale. Sasa nikishika mwendo, walio ndani hawasikilizani.

Niliipeleka kwa fundi mmoja Malindi. Akaizunguka mara moja, mikono mfukoni, akasema, "Dada, mbele yote imekwisha. Beringi, habu, mikono ya chini, vyote vya kuagiza Mombasa." Bei aliyotaja ni mishahara yangu ya miezi minne. Nikamuuliza, "Umeifungua?" Akanijibu haina haja, yeye hujua kwa masikio. Karisa naye amekwisha kumpata mtu wa Kilifi anayenunua magari mabovu kwa kilo, anasema tuiuze ingali inatembea. Nimekataa. Ila kukataa peke yake hakutengenezi gurudumu.

Mjomba, wewe umelala chini ya magari miaka thelathini. Njoo, hata kwa siku mbili.

Mpwa wako,
Kadzo


Changamwe,
2 Aprili 1986

Kadzo,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika na nimeisikia yote. Mwandiko huu si wangu, usikutie wasiwasi. Nimeumia kidole, basi mpangaji wa chumba cha pili, Jedida, fundi cherehani, ananiandikia nami nikisema. Ana mwandiko kunipita.

Mwambie dada yangu ndoo aiache, namwagiza mimi mdogo wake. Mwambie Karisa ekari mbili za kuongeza ni palizi mbili za kuongeza. Nisalimie mchungaji, na Thuku wa kinu cha kusaga, na wauguzi wenzio, na hata punda wa maji wa zahanati kama yu hai.

Kuja sasa siwezi. Kazi imenibana.

Sikiliza. Gari hiyo haijafa. Huyo anayejua kwa masikio bila kufungua hajui, anakisia, na anakisia kwa bei ya juu. Wewe fanya hivi. Tafuta mahali ambapo barabara imenyooka na ni pana. Shika kilomita hamsini, kisha peleka usukani kulia kidogo, halafu kushoto kidogo, kama unayekwepa mashimo. Ukienda kulia, uzito wa gari unalalia gurudumu la kushoto. Mvumo ukizidi hapo, na ukipungua unapoenda kushoto, basi ni beringi ya kushoto.

Halafu simamisha gari mahali pagumu. Ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua mbele kushoto kwa jeki. Shika tairi juu na chini, vuta huku na sukuma huku. Likicheza kama jino bovu, umepata. Mwisho lizungushe polepole kwa mkono mmoja, na kiganja cha pili kiwe juu ya springi. Beringi nzima hutaihisi. Mbovu utaihisi kama mchanga ndani ya sufuria. Wewe unashika tumbo la mja mzito ukajua mtoto amelalaje. Hii si ngumu kuliko hiyo.

Usiipeleke tena kwa mtu yeyote mpaka uniandikie ulichokiona.

Mjomba wako,
Dzombo


Adu,
27 Aprili 1986

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imekuja kwa nguvu, mahindi ya Karisa yamesimama magotini na yeye mwenyewe amesimama kifua mbele. Mama ameisikia amri yako kuhusu ndoo. Siku tatu aliitii, sasa anabeba sufuria kubwa akisema sufuria hukuitaja.

Nimefanya kila ulichosema. Nilikwenda hadi Gongoni, kwenye kile kipande kilichonyooka kando ya mashamba ya chumvi, nikashika hamsini. Kulia, gari likanguruma. Kushoto, likanyamaza kama lililoziba mdomo. Nimerudia mara nne na kila mara jibu ni lilelile. Kisha jeki. Thuku ndiye aliyenipa yake, akaja kusimama karibu akinitazama. Tairi linacheza. Na mchanga wako nimeuhisi kiganjani, wazi kabisa. Nikamwita Thuku naye aweke mkono. Akasema, "Hata mawe ya kinu changu yalianza hivihivi."

Kwa hiyo sasa najua ni nini. Nilipita tena kwa yule fundi wa Malindi nikamwambia ni beringi ya kushoto tu, habu na mikono ya chini ni vizima. Akacheka, akaniambia, "Nani kakufundisha?" Nikasema mjomba wangu. Akashusha bei papo hapo, lakini bado ni ya kuniumiza, na bado hajaifungua.

Nahitaji gari hiyo iwe imara kabla ya Agosti. Kuna mama mmoja ninayemwangalia hapa, mimba yake ya kwanza. Mtoto amekaa kitako na nyonga za mama ni nyembamba. Daktari wa Malindi amesema waziwazi asithubutu kujifungulia nyumbani. Mvua ikinyesha basi la hapa hupita likipenda, na huyu siku yake ikifika hatangoja basi. Ndiyo maana nakusumbua.

Mambo mawili zaidi. Umemsalimia kila mtu wa Adu mpaka punda, na punda mwenyewe alikufa Desemba. Jina moja hukulitaja. Nililitafuta katika barua yako yote. La pili, ni kidole gani hicho, na kimeumiaje? Kimeshonwa? Niandikie.

Kadzo wako


Changamwe,
20 Mei 1986

Kadzo,

Marahaba. Barua yako imechelewa, nadhani ililala Malindi ikingoja barabara ikauke. Mimi sijambo. Pole kwa punda. Mwambie dada yangu sufuria nayo nimeitaja sasa, na mtungi, na dumu, na chochote chenye tundu juu.

Kidole kinaendelea vizuri.

Kuhusu hilo jina. Nililipa ada ya chuo cha ualimu miaka miwili, kwa mikono iliyokuwa haitoki grisi hata nikiisugua kwa mchanga. Mwaka wa pili haujaisha, akafunga sanduku akaenda kuolewa na mgema. Siku ile hakuhitaji ruhusa yangu, nami leo sihitaji salamu zake. Usiniandikie tena jambo hilo. Tuzungumze gari.

Umefanya kazi nzuri. Sasa utaifungua mwenyewe. Usitetemeke, ni nati moja.

Ondoa tairi. Katikati ya habu, kile kitovu cha gurudumu, kuna kifuniko kidogo cha bati, kitoe kwa bisibisi na nyundo, kwa kukigonga pembeni taratibu. Ndani utaona nati yenye pini. Nyoosha pini, itoe. Fungua nati, ondoa washa, ile pete ya chuma iliyo chini yake. Vuta habu kwako. Beringi ndogo ya nje itakuangukia mkononi, isije ikaanguka mchangani. Ya ndani, kubwa, imebaki nyuma ya habu, imezuiwa na pete ya mpira. Pete hiyo itoe bila huruma, utanunua nyingine. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Kila beringi imekaa ndani ya kikombe cha chuma kilichobanwa kwenye habu. Kikombe kikiwa na madoa au vishimo, nacho kitoke. Kitolewe kwa kipande cha shaba, kugongwa huku, kugongwa huku, kidogo kidogo kwa kuzunguka, kisilale upande. Hapo utahitaji mtu wa mkono mtulivu. Asiye na subira atakwaruza habu, na habu ikikwaruzwa ndiyo itakuwa imekwisha kweli.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Beringi imeandikwa namba usoni pake. Inakili. Ukienda dukani usitaje gari. Ukitaja gari utauziwa gari. Taja namba. Beringi haijui imefungwa kwenye Datsun au kwenye pampu ya maji. Nenda kwa watu wanaouza vifaa vya pampu na vinu.

Kufunga: jaza grisi kwenye kiganja, ikandamize beringi humo mpaka grisi itokeze upande wa pili. Kaza nati huku unalizungusha gurudumu mpaka ligome, kisha rudisha nati kidogo mpaka lizunguke huru bila kucheza. Usisahau kurudisha. Ndipo tia pini mpya.

Ukikwama, niandikie.

Mjomba wako,
Dzombo

Dada Kadzo, hapa chini naandika mimi Jedida, na yeye hajui. Si kidole. Tarehe kumi na moja Februari alianguka kazini, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia na mguu wa kulia havimtii. Hospitali alilala siku tisa. Gereji wamemwambia apumzike nyumbani, na maana yake yeye anaijua. Amenikataza kukuandikia. Lakini anaponisimulia habari za gari lako hufumba macho, na ule mkono wa kushoto unazungusha spana ambayo haipo. Siku barua yako inapofika anakula vizuri. Nimeona usipojulishwa wewe muuguzi, ajulishwe nani.


Adu,
22 Juni 1986

Mjomba,

Shikamoo sana. Leo nina mengi. Mama hajambo, Karisa hajambo ila ananuna, na sababu ya kununa utaisikia sasa hivi.

Gari limepona. Nimelitibu mimi.

Nilianza Alhamisi ya tarehe kumi na mbili baada ya kazi. Kifuniko, pini, nati, kila kitu kilikuwa pale uliposema. Beringi ya nje ilikuwa nzima. Ya ndani, ile kubwa, nilipoiosha niliona mwenyewe: magurudumu yake madogo yamepauka na kuchubuka, na mawili yamepasuka. Kikombe chake kilikuwa na vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Namba ilikuwa imefutika nusu. Nikaweka karatasi juu yake nikasugua kwa penseli, ikajitokeza yote.

Ijumaa nikaliacha gari juu ya magogo, nikapanda basi hadi Malindi. Kuna duka la Ndirangu nyuma ya soko, anauza vifaa vya pampu na vinu. Nikampa karatasi yangu.

"Ya kufunga kwenye nini?" akaniuliza.

"Kwenye namba hiyo," nikamjibu.

Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na kisanduku chenye vumbi. Beringi na kikombe chake, pamoja na pete ya mpira, grisi na pini, havikufika robo ya mshahara wangu. Nilitoka mle dukani nikitembea kama Karisa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufunga. Kulikuwa na jirani mmoja mwenye mkono mtulivu, ndiye aliyekitoa kile kikombe kibovu. Thuku alitupa kipande cha shaba. Jirani yule aligonga kwa saa nzima, na kikombe kilipotoka habu ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata wa ukucha.

Habu bado iko mapajani mwangu, mara Karisa akatokea na mtu wa Kilifi. Yule mtu akaliona gari limesimama kwa miguu mitatu, akasema, "Hili limekwisha kufunguliwa. Nitapunguza bei."

Mama alikuwa ameketi kizingitini anapura kunde. Akamwuliza, "Bei ya nini?"

"Ya gari, mama."

"Gari la nani?"

Yule akamtazama Karisa. Karisa akasema, "Mama, tulizungumza."

"Ulizungumza," mama akasema. "Mimi nilikuwa nakula. Mgeni, karibu maji, kisha safari njema." Akarudi kwenye kunde zake. Mtu wa Kilifi alikunywa maji kwa adabu akaondoka. Karisa alibaki, na baada ya kununa kidogo akanishikia taa ya mafuta nipate kuona ndani ya habu, maana mawingu yalikuwa mazito. Lakini bado ananuna.

Sasa kosa langu, nisikufiche. Nilikaza nati mpaka gurudumu likagoma, nikafurahi, nikatia pini. Nikatoka kujaribu. Kimya kitupu, mjomba, nilisikia mpaka ndege. Nilipofika Marafa nikashuka, nikagusa habu, ikaniunguza vidole. Nikasimama pale barabarani na barua yako mkononi. "Usisahau kurudisha." Nilikuwa nimeisahau sentensi hiyo moja. Nikainua gari palepale, nikatoa pini, nikairudisha nati kidogo. Nimekwenda Malindi mara tatu tangu hapo. Habu inabaki vuguvugu tu na gari halisemi kitu.

Yule mama niliyekwambia anaendelea vizuri. Nalala vizuri kwa ajili yake.

Basi sasa ni zamu yangu kukufundisha kwa barua, na usiniulize nimejuaje. Mimi ni muuguzi. Kidole hakichukui miezi minne. Huo mkono wa kulia usiuache umelala mapajani. Chukua kipande cha mpira wa tairi ya ndani, ukikunje, ukibane kiganjani, ukiachie, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Mkono usipoweza kubana, usaidie kwa wa kushoto. Ukiwa umekaa, nyoosha goti na kisigino, hesabu kumi, shusha. Kisha tembea kando ya ukuta, Jedida akiwa nyuma yako, kila siku hatua tatu zaidi ya jana. Nenda kliniki wakupime presha, na dawa uzimeze hata siku unayojisikia mzima, hasa siku hiyo. Chumvi punguza. Utaona kama haiendi, na ndipo itakapoanza kwenda.

Ukikwama, niandikie.

Kadzo


Changamwe,
9 Julai 1986

Kadzo,

Marahaba. Nimemuuliza Jedida kama ni yeye aliyekwambia. Akasema ni yeye, akaendelea kuandika. Ndiye anayeandika hata haya, na hajainua kichwa.

Sikutaka ujue. Mtu akikaa miaka thelathini akiambiwa, "Muulize Dzombo," hapendi kuonekana anafungiwa vifungo vya shati. Nilikuwa nangoja mkono urudi ndipo nikwambie ulikuwa umeondoka. Basi. Limekwisha kujulikana.

Nabana mpira wako. Siku sita za kwanza mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Siku ya saba kidole gumba kilijibu. Jedida shahidi. Ukuta nimeupita mpaka kwa mwenye kioski, akanipa kiti na sikukikalia.

Umeniandikia kuwa ulikosea na ukarekebisha. Hapo ndipo nimejua umekuwa fundi. Sasa fanya haya: baada ya wiki mbili inua tena, tikisa gurudumu, na likicheza kaza nati kidogo tu. Gurudumu la kulia nalo lifungue, lioshe, ulitie grisi mpya, lisije likakuletea lake. Ndani ya gari weka jeki, spana ya nati ile, na pini mbili. Siku ya huyo mama wako usikimbize gari. Mwendo wa sawasawa unafika mapema kuliko wa kukimbia na kukwama.

Nina swali. Jirani mwenye mkono mtulivu hukumtaja jina. Huyo mama nawe umemwandika katika barua mbili, naye hana jina. Thuku ana jina, Ndirangu ana jina, hata kunde za dada yangu nimeziona. Nakujua tangu unatambaa, Kadzo, na najua unavyonyamaza ukiwa na jambo. Hao ni akina nani?

Jibu swali langu.

Dzombo


Adu,
3 Agosti 1986

Mjomba,

Shikamoo. Nimepokea barua yako siku nne kabla ya safari, na sikukujibu kwa kuwa nilitaka kukujibu nikiwa na habari kamili. Uliniambia nisikuandikie jambo hilo. Nililinyamazia miezi miwili. Leo nakiuka.

Mama yule ni Mapenzi. Jirani ni Kahindi, mume wake, mgema.

Uchungu ulimshika Jumamosi tarehe ishirini na sita, saa kumi na mbili asubuhi, wiki moja kabla ya siku tuliyoitazamia. Kahindi alikuja kwangu mbio miguu mitupu. Gari liliwaka mara ya kwanza. Tulimketisha mbele na mito miwili, Kahindi na mama yangu wakapanda nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na kutoka Adu hadi Marafa ni tope. Kahindi alishuka mara tatu kusukuma. Nilikumbuka maneno yako, sikukimbiza. Mahali pa kwenda ishirini nilikwenda ishirini.

Tulipotoka kwenye tope na kushika barabara ngumu, nikaongeza mwendo. Mapenzi alikuwa amefumba macho. Uchungu mmoja ulipompita akaniuliza, "Mbona leo halivumi?"

"Nimebadilisha beringi."

"Nani alikuonyesha?"

"Baba yako. Kwa barua."

Tukayapita mashamba ya chumvi. Kisha akaniuliza, "Alijua ni la kunipeleka mimi?"

"Hakujua."

"Basi mwambie," akasema. "Akitaka kukasirika, akasirike akijua." Uchungu mwingine ukamjia, akanishika bega, nikaendesha kwa mkono mmoja mpaka ukapita.

Chupa ilimpasukia kabla hatujalifikia daraja la Sabaki. Hapo, mjomba, sikukufuata, nilikanyaga. Gari likaitika na halikulalamika. Hospitali walimpokea mlangoni, wakampeleka kwenye upasuaji moja kwa moja. Daktari alitoka baadaye, akaniuliza tumetoka wapi. Nikamwambia Adu. Akauliza, "Kwa gari la nani?" Nikasema letu. Akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa, akasema, "Mama na mtoto wote wazima."

Ni msichana, kilo tatu kasoro kidogo. Ana sauti. Mapenzi alitembea siku ya tatu. Jana nimewarudisha nyumbani.

Sasa nisikilize kama nilivyokusikiliza. Ninaye mume wa Mapenzi hapa miaka miwili, namwona kila siku. Mwezi wa sita alikuja na magogo begani, yale yaliyolibeba gari wakati mimi niko Malindi, na hakuna aliyemwomba. Alipokuwa akigonga kile kikombe nilimsomea maneno yako, "asiye na subira atakwaruza habu." Alijua ni yako. Akaniomba nimsomee tena, akapunguza nguvu ya nyundo. Mapenzi naye amefundisha watoto wa chekechea hapa kanisani tangu aje, bila malipo, na wanasoma. Sikwambii haya ili ubadilike. Nakwambia kwa kuwa uliuliza, na kwa kuwa wewe ulinifundisha kwamba asiyefungua anakisia.

Mkono unaendeleaje? Niandikie wewe, si Jedida.

Kadzo


Changamwe,
24 Agosti 1986

Kadzo

Huu ni mkono wangu wa kushoto. Jedida nimemtuma sokoni asinione. Nimeanza saa tatu na sasa adhana ya adhuhuri imekwisha. Herufi usizicheke.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza niliitupa. Jedida akaiokota akaiweka juu ya meza. Nilikasirika kwa kuwa ulinificha. Kisha nikakumbuka kidole.

Kikombe cha beringi kutoka kwenye habu kuukuu bila mkwaruzo. Nimewafundisha vijana wengi kazi hiyo. Walioiweza mara ya kwanza ni wawili.

Naweza kufunga vifungo sasa, vyote isipokuwa cha shingoni. Posta nakwenda mwenyewe na bakora.

Jumamosi tarehe sita Septemba nitapanda basi la asubuhi. Jedida atanisindikiza, anasema hajawahi kuiona Malindi. Njoo utuchukue stendi. Njiani nitakaa mbele, na usizungumze mpaka tupite Gongoni, nataka kulisikia gari. Mwambie dada yangu asichinje kitu, nimepunguza chumvi na maneno.

Mwambie Kahindi awepo.

Mapenzi usimwambie lolote kwa niaba yangu. Ninalo la kumwambia. Nimejaribu kuliandika hapa mara mbili nikalifuta, na si kwa sababu ya mkono. Nitamwambia mwenyewe.

Dzombo